Nilivyoangalizia Mapendeleo ya Mwenzangu

Nilimwonea wivu msichana yule tangu siku aliyokanyaga bweni letu pale Kasulu, nisifiche. Baba yake alikuwa daktari aliyehamishiwa kwetu kutoka Tanga. Kiswahili chake kilitiririka, wakati sisi wenyeji wa Kasulu tukifungua mdomo Kiha chetu kinatangulia. Alikuwa na pea mbili za viatu vya shule. Mbili! Mwalimu akiuliza swali, jicho linaanzia kwake.

Mwaka 2012 tulikuwa kidato cha nne. Malori ya wakimbizi wa Mtabila yalikuwa yakipita kurudi Burundi, na sisi tulikuwa tunangoja kujaza selform, ile fomu ya kuchagua masomo na vyuo vya mbele. Mwalimu wa ushauri nasaha akatugawia karatasi yenye sentensi nyingi, uweke vema kwenye unachokipenda.

"Hapa hakuna sahihi wala kosa," alisema. "Nataka kujua mnapenda nini, ndipo niwashauri."

Nani alimsikia? Karatasi ya mwalimu ni mtihani, na kwenye mtihani mimi nilijua kazi moja tu, kuangalizia kwa binti wa daktari, tuliyekaa naye dawati moja. "Napenda kuhudumia wagonjwa." Kaweka vema, nikaweka. "Napenda kushona nguo." Karuka. Hapo kalamu yangu ilisita, maana cherehani ya shangazi niliijua kuliko daftari, na bwenini kila sketi iliyochanika ililetwa kitandani kwangu. Lakini yeye aache, mimi niweke? Ng'o! Nikaruka.

Majibu yakatoka: sote wawili, afya. Mwalimu akaniita pembeni.

"Hii ni yako kweli, binti? Mbona kila siku nakuona na sindano?"

"Haki ya Mungu, mwalimu."

Akaniangalia kidogo, kisha akaniandikia uuguzi. Nilirudi darasani kifua mbele. Mwiga tembo hupasuka msamba, lakini siku ile nilijiona tembo mwenyewe.

Mwaka 2015 nilikuwa chuo cha uuguzi, nimepelekwa mazoezi wodini Kibondo. Kila asubuhi nilijikokota hadi mlangoni na kusimama kwanza kabla sijaingia. Tukatakiwa kushonesha sare mpya, na wenzangu wakanielekeza kwa fundi mmoja mjini, wakasema hana mpinzani. Nikaenda. Lo! Ni yeye, binti wa daktari, tepu shingoni.

"Wewe si ulikuwa unakwenda udaktari?" nikamuuliza.

Akacheka. "Mimi? Nikiona damu naanguka! Baba alishaniambia, popote nitakapoulizwa nijibu afya. Ila wewe, mwenzangu, ulikuwa unaniua kwa wivu. Ukishona pale bwenini, mimi nimeshika kitabu najifanya nasoma, kumbe natazama mikono yako. Nilipofeli kidato cha nne baba akanuna mpaka akachoka, nikaenda kujifunza ufundi."

Nilitaka kumpiga, kweli kabisa. Badala yake nikanyoosha mikono, akanipima mabega na kiuno huku akiimba.

Sare ilipokuwa tayari niliigeuza ndani nje nikitafuta kosa. Mshono umenyooka, pindo sawa, vifungo vimekaa. Hakuna hata uzi unaoning'inia. Jioni ile nilikaa kitandani, nikalifumua pindo lote, nikalishona upya kwa mkono.