Maji Aliyokunywa Bwana Afya

Sitaki kueleza sana jinsi tulivyohamishwa, maana kila mzee wa huku kusini mwa Kilwa anaeleza hilo na nimechoka kulisikia. Tulihamishwa. Vyombo vilipakiwa kwenye lori, nyumba ikawa mahame, na kisima chetu kikabaki hukohuko, mwendo wa karibu saa mbili kwa miguu. Kijiji kipya cha ujamaa kilikuwa kando ya mto, na mwenyekiti alituambia tushukuru, maji tutachota mlangoni.

Hakutuambia kwamba juu ya mto kulikuwa na shamba la mkonge. Huko walikuwa na korona, yaani mashine inayokamua majani ya mkonge mpaka zibaki nyuzi tupu, na yale majimaji yote yalimwagwa mtoni. Korona ikianza kazi, mto ulikuwa wa kijani. Baada ya siku chache umekuwa rangi ya chai, una povu, unanuka kama muhogo uliosahaulika kwenye maji. Kambale walielea matumbo juu. Watoto waliooga humo walijikuna mpaka wakatoka damu. Tulichemsha, tukachuja kwa kitambaa, na harufu haikwenda popote.

Nilikuwa mke mchanga, naishi na mama mkwe wangu. Yeye hakulalamikia kuwashwa, alilalamikia udhu. Tangu utotoni alifundishwa chuoni, kwenye Kurani, kwamba maji yaliyoharibika rangi, harufu au ladha hayatawadhiwi, na haya yalikuwa yameharibika yote matatu.

"Sasa sala yangu inakwenda wapi, mwanangu?" aliniuliza.

Nikachukua ndoo. Kila baada ya siku mbili nilikwenda mahame, nikachota kisimani, nikarudi na ndoo kichwani, shingo imekakamaa, nikamjazia mtungi wake. Maji hayo yalikuwa ya udhu wake na ya kunywa yeye tu. Mimi nilikunywa ya mto. Nilimpenda, lakini ziko siku nilimchukia njia nzima.

Kisha ikaja habari kwamba bwana afya atatoka Masoko, makao ya wilaya, kuja kuyaangalia maji yetu. Akiyakuta mabaya, tutachimbiwa kisima. Siku hiyo nililala usingizi mzuri kwa mara ya kwanza tangu tuhamie.

Alikuja mchana wa jua kali, kwa landrova, kijana mwenye adabu zake. Mwenyekiti alimleta kwanza kwetu, kwa sababu mama mkwe ndiye alikuwa mkubwa wa kijiji kwa umri.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Karibu, keti."

Akaketi, akafuta jasho, akaomba maji ya kunywa.

Niliingia ndani. Kulikuwa na ndoo ya maji ya mto, na kulikuwa na mtungi. Nawaapia sikufikiri. Mgeni hapewi maji yanayonuka; mkono wenyewe ulikwenda kwenye mtungi. Akanywa, akaomba tena, akanywa.

"Maji matamu haya," alisema. "Na mlivyolalamika!"

Mwenyekiti akacheka kwa heshima. Mama mkwe akasema alhamdulillahi. Bwana afya akatoa karatasi, akaandika palepale kibarazani. Mtoni alikwenda baadaye, akasimama mbali kidogo, akasema mito yote hubadilika rangi, muhimu ni yale watu wanayokunywa, na hayo ameshayaonja.

Nilikuwa nyuma yao. Ningeweza kusema, "Bwana, yale nimeyabeba kichwani kutoka mahame." Lakini nimwambieje mtu maji aliyokwisha kunywa nimeyatoa wapi na kwa taabu gani? Kwetu hilo ni kumsimanga mgeni. Mwenyekiti naye alijua, wanawake wote pale mtoni walijua, na hakuna aliyefungua mdomo. Tuliona haya wote pamoja, kijiji kizima, mpaka landrova ikaondoka. Kisima kilichimbwa kijiji kingine.

Mwenyekiti alikuja jioni kunigombeza. Mama mkwe alimjibu kabla yangu. "Angempa ya mto," alisema, "ningemrudisha kwao." Basi nikaendelea kubeba ndoo.

Mama mkwe alifariki katikati ya masika, asubuhi. Njia ya mahame ilikuwa imefunikwa na maji, hata mwanamume hapiti, na maiti haiwezi kungoja. Mwalimu wa chuo aliulizwa kama anaweza kuoshwa kwa maji ya mto. Akasema dharura ni dharura, Mungu anajua. Tukaponda majani ya mkunazi tukayatia kwenye maji, tukaongeza kafuri yote iliyokuwepo, na bado mkonge ulinuka chumba kizima.

Mungu anajua, sikatai. Lakini aliyeshika kata na kummiminia ni mimi.