Tundu Mbili kwenye Mfuko wa Maji

Ule mfuko wa maji niliuokota kwenye rundo la mitumba, gulioni Benaco, nikidhani ni kifaa cha hospitali. Ulikuwa wa plastiki laini ya bluu, umekaa ndani ya kibegi cha mgongoni, na chini yake ulitoka mrija mrefu unaopita begani hadi mdomoni. Unatembea huku unanyonya. Muuzaji mwenyewe hakujua ni wa nini. Nilikaa nao kutwa, nikaupuliza, nikaujaza, nikaung'ata mrija wake, mpaka nikauelewa. Shule niliiacha darasa la sita, lakini kitu nisichokijua kikiwa mbele yangu hakinipi raha.

Wakati huo tulikuwa tunafyeka mkuza wa kupitisha nguzo za umeme, kutoka Ngara kuelekea Biharamulo. Nasema tulikuwa, kwa sababu nilikuwa na rafiki yangu. Tulikua pamoja Murusagamba, na pale Benaco tulipanga chumba kimoja. Yeye alikuwa na mke na watoto nyumbani. Mimi sikuwa na kitu kinachonishika mahali popote, na kila baada ya miezi michache nilikuwa nimeshahama.

Kazi hii ndiyo ya kwanza iliyonifanya nitake kubaki. Sababu ni mpimaji, mzee mmoja mkimya, na chombo chake cha miguu mitatu alichokuwa anachungulia. Siku moja alinikuta nimekiinamia, mikono nimeifunga nyuma.

"Unatafuta nini?"

"Shikamoo mzee. Nataka kujua kinajuaje umbali bila kamba."

Alicheka, ila hakunifukuza. Akaniambia kufyeka kukiisha atabaki na mtu mmoja tu wa kumshikia fimbo ya kupimia hadi Biharamulo, na mtu huyo atamfundisha kuchungulia na kusoma namba. "Lakini kuna kipande huko mbele hakina maji wala kivuli," akasema. "Atakayekimaliza na mimi bila kukwama ndiye huyo."

Nikajiona nimeshapita. Nani mwingine alikuwa na mfuko kama wangu? Jioni nikamsimulia rafiki yangu yote.

Kwetu pombe ya ndizi inanywewa kwenye mtungi mmoja. Mwenye mtungi anaonja kwanza, wenzake waone hajaweka kitu, halafu mrija uleule unapita kwa kila mtu. Anayechomoa mrija wake mwenyewe ameshasema kwamba kuna jambo kati yenu. Mimi na rafiki yangu tuliufanya mfuko kuwa mtungi wetu. Nilinyonya kwanza, nikampa mrija, akanyonya. Wafyekaji wenzetu walitucheka.

"Watu wazima na ndevu zenu mnanyonya! Mama yenu hajawaachisha?"

"Wivu tu," rafiki yangu aliwajibu, maji yakimtiririka kidevuni. "Mama yetu anatembea na sisi, wenu mmemwacha nyumbani."

Asubuhi ya kile kipande kikavu alikuja na chupa yake.

"Leo nyonya mwenyewe, ndugu yangu. Kifua kinanibana, nisije nikakuambukiza."

Nilimshukuru kwa kunijali.

Mgongo ulianza kulowa mapema, nikadhani ni jasho. Saa nne mrija ulikoroma, hewa tupu. Rafiki yangu alikuwa mbele sana, ubavuni kwa mpimaji, na hakugeuka. Saa saba miguu ilikataa, nikakaa juu ya kichuguu nikiona majani meusi. Mpimaji ndiye aliyerudi akaninywesha maji yake.

"Pole sana," alisema bila hasira. "Lakini umeona mwenyewe."

Jioni alimchagua rafiki yangu. Nilimpa mkono wa pongezi, na kofia yangu pia, maana kofia yake ilikuwa imechakaa.

Nilirudi Benaco na kibegi changu, nikaenda kwa fundi baiskeli.

"Umeniletea utumbo wa mbuzi?" aliuliza.

Tuliupuliza, tukauzamisha kwenye beseni. Mapovu yalitoka sehemu mbili. Fundi akafanya kama anavyofanya kwa tyubu: akakwaruza kwa msasa, akapaka solusheni, akabandika kiraka cha mpira. Kilipokauka kikajikunja na kubanduka chote, kikiacha plastiki imekwaruzwa bure. Akaugeuzageuza mfuko kwa hasira, halafu akatulia.

"Mwiba huu una akili," alisema. "Umeingia mbele, umetokea nyuma, na tundu zinatazamana. Halafu begi lenyewe halina hata alama."

Nililikagua begi upande kwa upande. Kitambaa kilikuwa kizima. Aliyetoboa alikuwa ameutoa mfuko kwanza, akautoboa, akaurudisha. Tundu zilikuwa za mviringo, pana kidogo, na mimi niliijua shazia moja tu, ile sindano nene ya kushonea magunia, ambayo rafiki yangu aliichomeka kwenye ukingo wa kofia yake kila siku. Ile kofia iliyochakaa. Nikaikumbuka na ile chupa.

Mfuko niliutengeneza mwenyewe chumbani. Nilikata vipande viwili kutoka ukingo wake wa juu usioshika maji, ili plastiki ikutane na plastiki ya aina yake. Nikasafisha kwa spiriti, nikapaka gundi ya viatu pande zote, nikangoja ikauke kidogo hadi inate, nikabandika, nikalaza jiwe la kusagia juu kwa siku mbili. Haukutoa hata tone. Nilitamani usizibike, nipate sababu ya kuutupa na kusahau.

Baada ya wiki kadhaa rafiki yangu alikuja kuchukua nguo zake, amevaa kofia yangu. Akauona mfuko umejaa, unaning'inia mlangoni.

"Mfuko umepona! Niazime basi, huko Biharamulo jua kali."

Nilimgeuzia kiraka cha mbele, kisha cha nyuma. Alivigusa vyote viwili kwa kidole.

"Wewe ungeondoka tu," alisema. "Lini umewahi kukaa na kazi? Mimi nina watu wananingoja. Ningekuomba, ungeniachia?"

Nilimwuliza kitu kingine.

"Kile chombo, kinajuaje umbali?"

"Chombo gani?"

"Cha mpimaji. Umeshachungulia?"

"Aliniita mara mbili, nikamwambia macho yangu mabovu. Kuna nini cha kuona, bwana? Mimi nashika fimbo."

Nikauvuta mrija, nikanyonya kwanza, kama mwenye mtungi. Alinyoosha mkono kuupokea, kwa mazoea. Nikauzungushia begani, nikauvaa mfuko, nikamwachia chumba.