Bega la Mlamu Wangu

Ipo siku moja, mwanangu, ninayoikumbuka kuliko siku niliyooa na kuliko siku niliyomzika mama. Nilikusudia kufa nayo. Lakini jana umenijia na sare mpya ya polisi, ukanieleza jinsi mlivyofundishwa kusoma alama za vidole, ukasema kwa furaha, "Babu, alama haidanganyi." Nikatabasamu tu, nikakuomba urudi leo. Sogea karibu na moto, baridi ya Songea haiogopi sare. Maneno hayo yako niliwahi kuyasema mimi, nikiwa na umri kama wako, kwenye boma la Mdachi, na watu walikufa kwa sababu hiyo.

Vita vya Majimaji vilipoanza sikuwapo. Nilikuwa nimekwenda Kilwa na msafara wa pembe, maana kazi yangu ilikuwa kuwinda tembo. Niliporudi nilikuta vijiji vimeteketezwa na boma limejaa mateka waliofungwa kamba shingoni. Kila mmoja aliapa kwamba hakupigana. Bwana mkubwa wa boma alitaka njia ya kuwachambua, akauliza kupitia mkalimani wake ni nani anayezijua bunduki za wenyeji. Hakuna aliyenisukuma, mwanangu. Nilijitokeza mwenyewe.

Nilimweleza kwamba gobore likilia hurudi nyuma kwa nguvu. Mpigaji hubaki na uvimbe mbele ya bega la kulia, na weusi wa baruti humwingia chini ya kucha, hautoki kwa kunawa mara moja. Hayo yalikuwa kweli, wala sikutunga. Bwana mkubwa alifurahi sana, akanipa tarbushi nyekundu, na tangu siku hiyo nikawa mtazama mabega. Mateka walipangwa mstari uani, mimi napita nikibonyeza bega kwa kidole gumba, kisha natazama kucha. Nikisema "gobore", mtu huyo husogezwa upande wa kushoto. Waliokuwa kushoto walinyongwa. Nilitembea kwa madaha, Mungu anisamehe, nikiiweka sawa ile tarbushi kila baada ya hatua mbili. Nilijiona msomi wa kwanza wa Ungoni nzima.

Basi asubuhi moja, mvua imetoka kukatika, askari walileta kundi jipya kutoka upande wa milima ya Matogoro. Wa nne katika mstari alikuwa Haule, mume wa dada yangu, mlamu wangu kama tusemavyo sisi Wangoni. Alikuwa mtu mpole, mchekeshaji, aliyewahi kunibeba mgongoni siku mbili nilipoumia mguu porini. Aliponiona alishusha pumzi, na uso wake ukalegea. Alidhani amepona.

Nilimbonyeza bega la kulia. Akajikunja kwa maumivu. Lilikuwa limevimba, limewiva rangi ya zambarau, mahali pale pale. Nikashika mkono wake nikatazama kucha, zote zilikuwa nyeusi.

Bwana mkubwa akamuuliza ana neno gani la kusema. Haule akajibu, "Nilikuwa nabeba nguzo za boma hili hili. Jumbe wetu alitutuma. Muulizeni mlamu wangu, kazi zetu anazijua."

Jumbe huyo alikuwa amekwisha kuuawa. Mkalimani akanigeukia. Nisikilize vizuri hapa. Sikumchukia Haule, wala sikuogopa kupigwa viboko. Nilijisikia mtu mwaminifu! Nilijiambia, nikimtetea huyu watasema namficha ndugu, na kazi yangu yote itaonekana ya uongo. Kifua kiliniuma, lakini maumivu yale nikayaona ndiyo thibitisho la haki yangu, kwamba mimi hata ndugu yangu simpendelei. Nikasema, "Ni gobore, Bwana. Sina shaka. Alama haidanganyi."

Haule hakunitukana. Alinitazama tu, akasogea kushoto kabla hajasukumwa.

Alipangiwa kunyongwa kesho yake alasiri. Asubuhi ya siku hiyo nilikwenda nyuma ya boma, walikokuwa wakijenga ghala. Nilitaka tu kuwa mbali na watu. Nguzo zilikuwa zimelazwa pale chini, nikakaa juu ya rundo hilo. Nilipoinuka niliona viganja vyangu vyeusi tii. Nikaziangalia zile nguzo. Ncha zake zote zilikuwa zimechomwa moto, jinsi sisi tunavyochoma kila nguzo kabla ya kuichimbia, ili mchwa wasiile. Baba yangu alichoma hivyo. Mimi mwenyewe nimechoma nguzo tangu utotoni, nikarudi nyumbani na kucha nyeusi, mama akanifokea nisiguse ugali. Nilikuwa nalijua hilo, mwanangu. Nililijua siku zote, na sikulikumbuka hata mara moja nikiwa nimeshika mkono wa Haule.

Nikavua shati. Nikasimamisha nguzo moja, nikaiinua peke yangu. Nguzo nzito ukiiinua hivyo hukupiga mbele ya bega kwanza, ndipo itulie juu. Niliibeba hadi kwenye lango la boma, nikaitupa, nikaiinua tena nikairudisha. Nilifanya hivyo mpaka jua likapanda, na hapo bega langu lilikuwa na uvimbe. Nikalibonyeza kwa kidole gumba changu kile kile. Nikajikunja.

Nilikimbia kwa bwana mkubwa nikiwa kifua wazi, nikamwonyesha bega na kucha, nikamweleza habari ya nguzo. Alisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema neno moja refu kwa lugha yake, na mkalimani akalitafsiri polepole, maana hata yeye lilimtisha.

"Bwana anauliza, je, wale wote uliokwisha kuwatazama, nao walibeba nguzo?"

Nilifungua mdomo. Nikawaona wote, mmoja mmoja, mkulima, mhunzi, mzee aliyekuwa akichoma mkaa. Kama ningesema ndiyo, ningekuwa nimesimama upande wa kushoto mimi mwenyewe. Nikanyamaza. Bwana mkubwa akanipungia mkono nitoke.

Haule walimnyonga alasiri ile. Mimi nilikwenda kwa dada yangu, kwa sababu nilitaka asikie kwangu kwanza. Nilimweleza kila kitu, hata nguzo, hata bega langu. Hakupiga yowe. Alikuwa anapepeta ulezi, akaushusha ungo.

"Lakini kabla hujasema," akaniuliza, "ulimuuliza mwenzako bega limepatwa na nini?"

Sikuwa nimemuuliza. Nilikuwa nimeliuliza bega.

Njaa ilipoingia baada ya vita nilimpelekea dada nafaka kutoka boma. Aliiacha mlangoni ikachipua kwa mvua. Nilimzika mwaka ule ule. Tarbushi niliitupa mtoni, lakini hilo halikumfufua mtu.

Sasa nasaha zangu, nazo ni chache. Alama ni kweli. Anayeweza kudanganya ni yule anayeisemea, na hudanganya zaidi akiwa anajiona mwaminifu. Utakapoletewa alama, jiulize ni kitu gani kingine kingeweza kuiacha, kisha kijaribu begani mwako kabla hujaitia shingo ya mwenzako kambani. Msikilize aliyefungwa, hata kama wote wanasema hivyo hivyo. Waliosema wamebeba nguzo walikuwa wengi, na mimi niliona wingi wao ndio ushahidi wa uongo wao. Na usiseme "sina shaka" kwa sababu tu mkubwa anataka kusikia hivyo.

Sitegemei sana kwamba utanisikia. Sare bado ni mpya, na mimi nilikuwa na tarbushi. Lakini nimesema. Inama nikushike kichwa. Mungu akupe jicho la kuona na subira ya kuuliza. Na siku utakapokosea, mwanangu, maana utakosea, akufungue mdomo ule ambao mimi niliufunga, mtu akiwa bado hai.