Nilivyokwenda Kujilaza Ufukweni Ikola

Nichekeni tu, mimi mwenyewe nimeshajicheka. Marehemu babu alipenda kunisimulia jinsi Wazungu wa Mpanda, wakati wa vita ya Hitla, walivyonunua kofia dukani kwa Mhindi wakaenda kujilaza ufukweni Ikola na gramafoni yao. Tangu mke wangu afariki nyumba imekuwa kimya mno, nikasema na mimi nijaribu. Nikanunua kofia pana na taulo pale Kashaulili, mjini Mpanda, nikapanda basi peke yangu.

Asubuhi yake, kando ya ziwa, nikakuta mchanga umefagiliwa vizuri. Nikajua wameandaa kwa ajili ya wageni kama mimi. Nikatandika taulo, nikafungulia rumba ya zamani kwenye simu, nikafumba macho.

Nilipofumbua, akina mama wamenizunguka, mabeseni kichwani, wananitazama. Moyo ukafurahi: leo nimepata wenzangu! Nikaongeza sauti ya simu.

“Karibuni, kaeni tusikilize wote.”

Mmoja akatua beseni lake. Lilijaa dagaa wabichi.

“Shikamoo, baba. Hapo ulipolala ndipo tunapoanika, na jua linapita. Wenzako uliokuja nao hawakukwambia?”