Pete Nne kwenye Kizimba

Kwa miaka thelathini na tisa Verlin Stucky alipima ngano kwenye ghala la mji wetu, hapa Kansas, na kazi hiyo ilimfunza jambo moja: juu ya lori huwekwa ngano kavu, mbichi ikafichwa chini. Alikuwa na mrija mrefu wa shaba aliouchomeka hadi sakafu ya kila lori, hata la kaka yake wa kuzaliwa. Kustaafu hakukumbadilisha. Nyama anayoinunua huipima tena nyumbani, na mchungaji anapomwombea hufumbua jicho moja.

Kwa hiyo mwezi Juni, Lavonne Dechant alipoliingiza uani tela lenye gari la mbio ambalo marehemu mumewe, Orrin, alimwachia Verlin, rafiki yake, mzee huyu hakushukuru. Alilizunguka mara mbili, kisha akauliza, "Lina nini?"

"Lina magurudumu manne, shemeji," Lavonne akajibu. "Mengine utamuuliza mwenyewe ukimfuata."

Lilikuwa gari la mwaka 1966, jembamba kama ngazi iliyolazwa: injini mbele, dereva nyuma kabisa, ndani ya kizimba cha mabomba cha kumlinda kichwa endapo litapinduka. Hukimbia robo maili tu, mstari mmoja mnyoofu, kisha parachuti hulisimamisha. Orrin, mtu mfupi kama kizibo, ndiye aliyeliendesha. Verlin ana futi sita na inchi nne. Kichwa chake kingechomoza juu ya kizimba, basi yeye akawa mkunjaji wa parachuti. Kwa miaka ishirini na miwili hakuna mkono mwingine ulioigusa, kama ambavyo hakuna mwili mwingine ulioketi kwenye kiti cha Orrin. Kwa watu wa mbio hizi kiti cha dereva ni kama kitanda chake. Mwenye gari akifa, mrithi hakikalii mpaka injini iwashwe upya, yeye na wafiwa wakishuhudia.

Pamoja na gari ilikuja barua ya mstari mmoja: *Liendeshe mwenyewe, mara moja tu, Septemba.*

"Unaona?" Verlin aliniambia. Nilikuwa nimemaliza chuo cha uchomeleaji, naye aliniajiri kwa siku za Jumanne na Alhamisi. "Mtu gani humrithisha twiga kofia ya sungura? Huyu bwana ananicheka akiwa kaburini."

Alikuwa na sababu ya kufikiri hivyo. Krismasi iliyotangulia walikula pamoja mikate ya Lavonne, ile ya kujazwa kabichi na nyama, katika gereji ya Orrin. Orrin, ambaye tayari alikuwa mgonjwa, alimkalisha juu ya kreti, akamvika kofia yake ya mbio, akasimama nyuma yake akicheka. Alisema anataka kuona kama kichwa cha mpima ngano kimevimba kwa majivuno. Verlin aliivua kofia, akaenda zake. Hawakuonana tena.

Nilivitia lebo vitu vyote vilivyotoka kwenye tela, skrubu kwa skrubu. Miongoni mwao ulikuwapo mpini wa ufagio uliokatwa, wenye mstari wa penseli karibu na ncha.

"Huo tupa," alisema Verlin.

Niliuandikia namba 212, nikauweka.

Mwezi Agosti, nilipokuwa nikiondoa rangi ya kizimba kwa msasa, nilikuta pete nne za kuchomelea, alama za mabomba kuunganishwa, moja kwenye kila bomba, kwenye usawa wa mabega. Zilikuwa mpya, zimefichwa kwa rangi iliyochanganywa ilingane na ya zamani. Nilimwita. Aliinama, akazigusa kwa ukucha.

"Ngano mbichi," alisema. "Lilipinduka. Akalishona, akalipaka rangi, akaniachia mimi nikavunjikie shingo."

"Mabomba yamenyooka, Bwana Verlin. Gari likipinduka huacha mikunjo. Na kipimo cha unene kinaonyesha vipande vya juu ya pete ni vinene kuliko vya chini."

"Bila shaka. Unene huwekwa pale kipimo kitakapogusa. Nimewaona wakulima, binti, kabla hujazaliwa."

Alimpigia simu Lavonne mbele yangu. Lavonne alisema tu kwamba kuna fundi aliyekuja mwezi Februari, akakaa siku tatu, akanywa kahawa nyingi. Orrin alikuwa amemwapisha mkewe asiseme zaidi. Kiapo hicho ndicho kilichoharibu kila kitu. Verlin alikata simu, akatangaza kwamba Jumamosi atakiondoa kizimba chote kwa msumeno, na mimi nimjengee kingine cha kimo chake. Nilimweleza kwamba fremu ya miaka ile ni nyembamba. Ikikatwa chini kabisa huenda isivumilie kuchomelewa tena, na gari litabaki kuwa pambo la ukutani.

"Bora pambo kuliko jeneza," akasema.

Jumamosi, ingawa haikuwa siku yangu, nilikuja; alitokea na msumeno. Nilimwomba kwanza anipe vipimo vyake, kwa maana sikati bomba kwa kukisia. Aliketi kwenye benchi akiwa amevaa kofia ya mbio, kwa uso wa mtu anayepigwa picha polisi. Nilihitaji kitu kilichonyooka cha kusimamisha kando yake, nikachukua namba 212.

Mstari wa penseli ulisimama sawasawa na utosi wa kofia.

Nilipima kipande kilichobaki juu ya mstari: inchi tatu kamili, nafasi ambayo wakaguzi hudai kati ya kofia na bomba. Nilikwenda kwenye gari, nikausimamisha mpini juu ya kiti. Ncha yake iligusa bomba la juu la kizimba, haikuzidi, haikupungua: vile vipande vya juu ya pete vilikuwa nyongeza ya kimo cha Verlin.

Verlin alikuja na futi yake mwenyewe, akapima. Akapima tena. Akauchukua mpini, akauchungulia pande zote mbili kama mrija wa ngano.

"Ndiyo maana Krismasi alisimama nyuma yangu, akinipima," alisema. Kisha: "Angeweza kusema, mjinga yule."

"Ungemwamini?"

Aliurudisha msumeno stoo.

Injini iliwaka Alhamisi iliyofuata, Lavonne akishuhudia, vidole masikioni. Verlin aliingia kitini taratibu, akiwa amevaa kofia, akapitisha kiganja kati ya utosi na bomba, mara kadhaa.

Mwezi Septemba, uwanjani, kwenye mstari wa kungojea zamu ya mbio, ilibainika kwamba aliyejifunga mikanda hawezi kukunja parachuti iliyo nyuma yake. Aliniita.

"Nimekuona ukinitazama nikiikunja. Kunja."

Nilikunja. Aligeuza shingo kadiri mikanda ilivyomruhusu, akasema fungua, anza upya. Mara ya pili vilevile. Mara ya tatu alikuwa anatazama mbele.