Tezi ya Ndama Wangu

Nichekeni tu, nimejitakia. Nina bucha hapa Ndhiwa. Kila siku ya soko huja daktari mmoja kutoka Homa Bay. Nyama hataki, anataka tezi ya ndama tu, ile laini ya kifuani. Nilipomuuliza ya nini, alisema chembe hai za tezi hiyo zimevaa sukari kwa nje, naye anachunguza sukari hiyo inavyobadilika chembe zikikomaa.

Sukari? Kwenye nyama? Nikajua huyu ni mpelelezi wa serikali, anachungulia bucha yangu. Juzi nikaamua kumnasa. Nikampa kipande cha tezi ya maksai mzee niliyemchinja alfajiri, nikapaza sauti wateja wasikie:

"Daktari, hii ni ya ndama huyuhuyu ninayewauzia hawa!"

Kama ni mwongo, hatajua tofauti. Akakipasua, akakitazama, akatikisa kichwa.

"Omondi, hii imegeuka mafuta matupu. Huwa hivyo mnyama akizeeka."

Mwalimu Atieno, mmoja wa wateja, akafungua gazeti lililofunga nyama yake, akairudisha mezani polepole.

"Omondi," akasema, "hebu niambie, huyu ndama wangu amevuta plau miaka mingapi?"