Pini ya Nepi kwenye Mkufu wa Dada

Kishikizo cha mkufu wa fedha wa nyanya kilivunjika asubuhi ileile ya harusi ya dada yangu, mama akiung'arisha kwa jivu. "Yallah!" akasema, akaketi chini puu.

Msidhani ni jambo dogo. Katika ukoo wetu sheikh hafungui kinywa mpaka mama wa bwana harusi amfunge bi harusi mkufu kwa mikono yake mwenyewe. Asipoufunga, amekataa, na hakuna wa kumuuliza kwa nini. Fedha yote ile ilikuwa urembo tu. Neno lenyewe lilikuwa pale kwenye kishikizo. Waturkana na shaba zao, Waborana na shanga zao, naamini watu wamefungana hivyo tangu Isiolo haijawa mji.

Na huyo mama wa bwana harusi alikuwa anatoka Garba Tulla na kibali cha siku moja. Enzi hizo za vita vya Shifta hukuweza kwenda popote bila kibali cha serikali, na kafyu ikianza, kila mtu ndani. Mbuzi wake walikuwa wamechukuliwa na askari, kijiji chao kimezungushiwa seng'enge, na sasa mwanawe anataka msichana wa mjini! Tulishasikia kwamba hamtaki dada. Dada naye, maskini, alimpenda yule kijana mpaka chakula kikamshinda.

Sonara wa kukitengeneza alikuwa amehamishwa mjini pamoja na watu wake. Mimi nikaleta waya. Mama akanikata jicho, nikaurudisha. Ndipo akaingia jirani yetu, mke wa karani kutoka Meru, na mtoto mgongoni, kuuliza kama asaidie kuchambua mchele. Akaona tulivyonuna, akauliza, tukamwambia. Akamshusha mtoto, akamchomoa pini ya nepi, akaipiga nepi fundo.

"Haya, jaribuni hii. Ni safi, msinitazame hivyo!"

Mchana mama mkwe akafika, mrefu, mkavu, salaam aleikum yake ya midomo tu. Akapewa mkufu. Akaugeuza. Loo! Nikaona kidole chake kimesimama penye pini.

"Hii ni nini?"

Jirani akajibu kutoka mlangoni, "Ni ya mtoto wangu, mama. Kishikizo kimevunjika leo."

"Na mtoto amefungwa na nini?"

Wakati huohuo mtoto akapita katikati yetu akitambaa, nepi anaiburuta kwa mguu mmoja, matako nje. Haki ya Mungu, nilicheka. Nikajua nimemharibia dada harusi.

Mama mkwe hakucheka. Alimwinua mtoto, akamfunga fundo la maana, akamweka mapajani.

"Nilitoka nyumbani nimeamua kutoufunga," akasema mbele yetu sote. Kisha akamtazama jirani. "Wewe si wa ukoo huu, wala si wa dini hii, na umemvua mwanao kwa ajili ya huyu msichana. Mimi sasa nitasema nini?"

Akainuka. Macho yake hayakuiona ncha ya pini vizuri, basi akamwita jirani amshikie. Wakasimama nyuma ya dada, mikono minne kwenye shingo moja, wakibishana pini inaingia wapi, mpaka ikafungika.

Dada akaangua kilio, na mimi nikakimbia jikoni kuwaambia wapishi wapakue.